Maji ya Sadaka

Wingwi, Pemba
14 Januari 2024

Mwanangu Hafiz,

Assalaam alaykum. Sisi huku tupo, wazima kwa kiasi cha uzee wetu. Mama yako magoti yanamsumbua akisujudu, na tumbo lake ni lile lile, leo linamshika, kesho linamwachia. Lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Jana kanisema mbele ya wageni kwamba wali wangu umeungua, na wala haukuungua, ulishika chini kidogo tu. Ng'ombe wa jirani yetu Mgeni kazaa ndama wawili kwa mpigo, na kijiji kizima kimekwenda kuwatazama. Kwenye picha uliyotuma naona umenenepa, au ni hilo sweta?

Najua utacheka kuletewa barua ya karatasi ilhali simu ninayo. Simu yangu ikilia nyumba nzima inatega masikio, na mama yako huninyang'anya kabla sijamaliza kukuuliza hali. Jambo la maana mimi naliandika. Nimefundisha miaka thelathini na moja, na mkono umeshazoea. Abdulnasir wa bandarini Wete ameniahidi atazivusha barua zangu, na zako ziandike kwa jina lake.

Sasa la maana. Tangu nistaafu barza yangu ya mbele ya nyumba imepata kazi. Kila Jumamosi baada ya alasiri wanakuja vijana wa miaka kumi na tatu mpaka kumi na minane. Walianza saba, sasa wapo kumi na tisa. Tunamwalika mtu anayeijua kazi yake, naye huulizwa mpaka atoke jasho. Amekuja daktari wa mifugo, amekuja wakili kutoka Chake Chake, amekuja Shehe mmoja kutueleza hesabu za kuandama mwezi. Sharti nililiweka mimi. Mwalikwa akiulizwa, kabla hajaeleza chochote, ajibu kwanza kwa neno moja katika matatu: najua, sijui, au naogopa. Wakili alisema sijui mara tano na vijana wakampenda kufa. Neno naogopa hajalisema mtu bado.

Yupo mmoja, Yumna, binti wa Mzee Fahmi, ana miaka kumi na sita. Huyo huuliza kama mtu anayedai haki yake. Jumamosi iliyopita kauliza mbona kila masika watoto wa kijiji chetu huharisha, na binamu zake wa Tibirinzi hawaharishi. Mimi nikajigamba, nikasema ninaye mtaalamu wa maji, damu yangu mwenyewe, ana maabara nzima huko Iringa. Basi wamekupangia Jumamosi ya mwanzo baada ya Idi. Usinitie aibu, maana nimekusifu kupita kiasi.

Shangazi yako,
Mwanakhamis


Iringa
25 Februari 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Waalaykum salaam warahmatullah. Barua yako imechukua wiki tatu na imefika ina harufu ya karafuu, mke wangu kainusa kabla ya kunipa. Sisi wazima. Khairat sasa ni mrefu kuliko mama yake na anajibu maneno kuliko wewe. Baridi huku si ya mchezo. Ni sweta, Shangazi, sikunenepa.

Nimefurahi kusikia habari za barza. Laiti sisi tungepata kitu kama hicho wakati wetu, badala ya kukaririshwa majina ya mito ya nchi za watu. Lakini kuja baada ya Idi sitaweza. Tuna wakaguzi mwezi huo na likizo zimefungwa. Nimeweka humu kijitabu cha kuchemsha maji na kunawa mikono, kimeandikwa vizuri, vijana wakisome.

Nimempa mtu anayesafiri chujio la maji la udongo, amfikishie mama. Ni lake peke yake, kwa ajili ya umri wake. Tafadhali hakikisha analitumia.

Na jambo moja, usinielewe vibaya. Usiwaache watoto wakakigeuza kisima cha marehemu baba kuwa mchezo wa skuli. Mama ameshaona tabu za kutosha.

Nisalimie wote. Ng'ombe wa Mgeni niombee maziwa yake.

Mwanao,
Hafiz


Wingwi
2 Mei 2024

Mwanangu Hafiz,

Waalaykum salaam. Idi ilikuja, barza ikajaa, mgeni hakuja. Niliwaambia umebanwa na kazi. Yumna akaniuliza, "Kazi ya maji ndo ya kumzuia mtu kuja kwenye maji?" Nikamwambia anyamaze. Halafu nikajiona mjinga, maana barza niliiweka ili watoto wasinyamazishwe.

Mama yako kafunga mwezi mzima, isipokuwa siku nne ambazo tumbo lilimlaza. Chujio limefika. Kalibusu, kalifuta vumbi, kaliweka juu ya kabati. Nilipomuuliza mbona halitumii akanijibu, "Maji ya Vuai niyachuje vyereje, wifi yangu? Si n'takuwa namwambia maji yake machafu?" Basi anakunywa hivyo hivyo, na akimaliza husema Mwenyezi Mungu amfikishie thawabu huko aliko.

Sasa chukua barua yangu ya Januari uisome tena. Kama umeitupa mimi ninayo nakala. Niliandika kwamba watoto wanaharisha. Kisima sikukitaja. Wewe ndiye uliyekitaja. Nimekaa na neno lako hilo Ramadhani nzima, na kila nikiligeuza upande huu linaangukia upande ule ule.

Ulipokosa kuja nilimwalika Bi Rahila, mtaalamu wa maabara, binti mpole, sauti yake ndogo mpaka watoto wakasogea karibu. Akawaletea chupa ndogo zenye dawa ndani. Unatia maji, unaiweka mahali pa joto siku mbili. Yakibaki kama yalivyo, salama. Yakigeuka meusi, mna uchafu wa choo. Watoto wakagawana kazi, wakapima maji ya mahali saba. Sita hayakubadilika. Ya saba yalikuwa wino kabla ya siku ya pili. Yumna kaandika kwenye daftari: Kisima cha Marehemu Mzee Vuai, hatua kumi na nne kutoka choo cha msikiti. Kahesabu kwa miguu yake mwenyewe. Wakarudia, yakawa wino tena. Kisima tulikichimba mwaka 2019 kwa pesa zako, kiwe sadaka ya baba yako, choo kikajengwa mwaka uliofuata, na sote tukashangilia tukala pilau.

Habari imetoka nje ya barza, na wazee wamekasirika. Mzee Jaribu, mwangalizi wa msikiti, kaja mpaka kwangu, kakataa hata kukaa. Kasema, "Bi Mwanakhamis, maiti hana tena cha kutenda. Kila anayekunywa pale ndo anamtilia Vuai thawabu kaburini. Na nyie mnataka kunkatia?" Neno hilo limeniingia, Hafiz. Vuai ni kaka yangu tumbo moja. Usidhani nina moyo wa jiwe kwa sababu nimezoea kushika chaki.

Bi Rahila anasema chupa zake ni za kuonyesha njia tu, na wazee wanasema yeye mgeni. Yumna akisema ni utovu wa adabu. Nikisema mimi ni mwanamke mzee aliyekosa kazi. Lakini wewe ni mtoto wa mwenye kisima, na maji ndiyo usomi wako. Ukisema wewe, hakuna wa kusema tunamdhulumu marehemu. Njoo. Kama huwezi, niandikie karatasi moja, maneno yako na jina lako, niisome barzani.

Shangazi yako


Iringa
30 Juni 2024

Shangazi yangu,

Assalaam alaykum. Nisamehe kuchelewa. Khairat alikuwa na mitihani, mimi nilikuwa safarini vijijini karibu mwezi mzima, na barua yako ilinisubiri mezani. Khairat kafaulu, kawa wa tatu. Mke wangu anawasalimu.

Kuhusu chupa za Bi Rahila, sikatai kwamba zinatumika. Lakini huathiriwa na mengi, joto, mikono ya watoto, namna walivyoteka. Kitaalamu siwezi kusimamia matokeo ambayo sikuyachukua mwenyewe. Nashauri warudie kiangazi, maji yakiwa yametulia. Kwa sasa chemsheni. Mama mwambie nimemsihi atumie chujio, aseme ni kwa ajili yangu.

Jina langu naomba lisisomwe barzani.

Unakumbuka siku maji yalipopatikana? Mchimbaji alipandisha kata ya kwanza, yana rangi ya udongo bado, na mama akaidaka kabla ya mtu yeyote. Akanywa, akalia, akasema, sasa Vuai hana kiu. Tangu baba alipofariki sikuwahi kumwona amecheka, na siku ile alicheka huku machozi yanamtoka. Nani atakwenda kusimama mbele ya mwanamke huyo na karatasi ya maabara mkononi? Niambie, Shangazi. Wewe ungeweza?

Mwanao,
Hafiz


Wingwi
11 Agosti 2024

Hafiz,

Assalaam alaykum. Wote hatujambo. Mgeni kauza ndama mmoja. Mama yako kapungua, kanga inamzunguka mara mbili.

Nitakujibu kwanza ulilouliza. Sijui kama ningeweza. Sasa nijibu na wewe. Karatasi gani ya maabara? Mimi nilikuomba karatasi yenye maneno yako. Nimekufundisha kusoma mimi mwenyewe ukiwa na miaka minne, nikakushika kidole herufi kwa herufi. Usidhani sioni unaporuka mstari.

Barza imefungwa. Sheha kaniandikia kwa muhuri wake wa serikali kwamba mkusanyiko wa vijana unahitaji kibali, na kibali kinahitaji radhi ya wazee. Wazee nao wametoa sharti. Wameniita mimi na Mzee Fahmi, tukakalishwa kama washitakiwa. Wanataka Yumna aende kisimani mbele ya watu, amwombe radhi marehemu kwa kumtukania sadaka yake, na anywe maji. Akinywa yamekwisha, barza ifunguliwe, kila mtu na salama yake. Asiponywa nisithubutu kuweka hata mkeka. Wametupa muda mpaka Maulidi.

Mzee Fahmi yupo tayari. Ana mabinti wengine watatu, hataki nyumba yake ipewe jina. Mama Yumna analia tu. Yumna mwenyewe nilimwita chumbani kwangu nikamuuliza anaonaje. Kanambia, "Mie siogopi radhi, Mwalimu. Naogopa maji."

Na vijana wengine kila Jumamosi wanapita njiani, wanatazama barza tupu, wananiamkia na kwenda zao. Kuna mmoja alianza kusoma habari za nyota kwa sababu ya yule Shehe. Kuna msichana alitaka kuwa wakili. Naogopa wakisambaa sitawakusanya tena, na umri wangu huu sina miaka ya kuanza upya.

Karatasi moja, Hafiz. Hata mistari miwili. Sikuombi kitu kingine mpaka nakufa.

Mwanakhamis


Iringa
15 Oktoba 2024

Shangazi,

Assalaam alaykum. Barua yako ya Agosti niliipata mwisho wa mwezi ule ule. Nimekaa nayo wiki saba. Sina kisingizio, na sitakitafuta.

Mwaka 2021 nilipokuja kwenye hitma ya baba nilijaza chupa moja ya maji ya kisima, nikaitia kwenye boksi la barafu, nikaipeleka maabara ya huko huko Unguja kwa rafiki yangu kabla ya kuvuka bara. Nilitaka nimletee mama cheti. Nilishawaza mpaka fremu, aitundike ukutani, maji ya Vuai yamepimwa na mwanawe na yamekuwa bora. Majibu ndiyo haya niliyoyaweka humu. Yana muhuri, yana tarehe, na chini nimetia saini leo. Vijidudu vya choo vimezidi mpaka havikuweza kuhesabika. Yumna ana haki. Hatua zake kumi na nne ni sawasawa.

Nilinyamaza kwa sababu ya ile ile anayoisema Mzee Jaribu. Niliona nikitoa karatasi hii ninamnyang'anya baba kitu pekee nilichowahi kumpa. Nikajidanganya kwamba watu huchemsha. Nikajidanganya kwamba chujio moja linatosha. Halafu mwaka ukapita, na nikiisema wataniuliza mwaka mzima ulikuwa wapi, basi nikaacha na wa pili ukapita.

Wiki iliyopita Khairat kanipeleka kwenye kikundi chao. Nao wanakutana, kwenye ukumbi wa maktaba, wanaalika watu. Nilikuwa nimemsimulia sharti lako la maneno matatu na kumbe kalichukua. Mvulana mmoja kauliza, "Umeshawahi kujua maji ni mabaya ukawaacha watu wanywe?" Wote wakacheka, wakadhani ni swali la kizembe. Mimi nikasema naogopa. Hawakucheka tena. Njiani Khairat alitembea hatua kumi mbele yangu mpaka nyumbani.

Isome karatasi hii barzani, Shangazi. Jina langu litaje, na la baba yangu litaje. Yumna asinywe, na kama Maulidi yamempita ameshakunywa, asinywe tena. Nimeomba likizo, nitakuja Desemba kukisafisha au kukifunga, au kuvunja kile choo kwa mikono yangu. Ila mama usimwambie mpaka nifike, nataka kumwambia mwenyewe.

Hafiz


Wingwi
1 Desemba 2024

Hafiz,

Barua yako ilifika tarehe nne Novemba. Yumna tulimzika tarehe ishirini na sita Oktoba.

Nimeshindwa kukuandikia mwezi mzima. Leo nitaandika yote, na nikiacha jambo ujue sikuacha kwa kusahau.

Jumamosi ya kabla ya Maulidi watu walijaa kisimani kama kwenye harusi. Nilikuwa nimengoja karatasi yako mpaka siku ile, nimetuma mtu kwa Abdulnasir mara mbili. Mzee Jaribu alitaka msichana ateke mwenyewe. Yumna akashika kamba, ndoo ikamponyoka ikarudi chini. Watu wakaanza kunong'ona. Basi nikaja mimi nikaishika ile kamba. Mimi, Hafiz, si mtu mwingine. Nikateka, nikamimina kwenye kikombe, nikampa. Akanitazama, akanambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wewe unajua." Nikamwambia, "Kunywa mwanangu, tumalize." Akanywa chote, akaomba radhi kama alivyofundishwa, watu wakaitikia amin.

Barza ikafunguliwa Jumamosi iliyofuata. Walikuja wote kumi na tisa. Yumna alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango, hakuuliza kitu. Akaja mtu wa kutueleza habari za umeme wa jua, kaeleza vizuri sana, na hakuna aliyemuuliza kitu. Nilifurahi, unajua? Nilijiambia tumeinusuru.

Baba yake akamwamuru awe anateka pale kila siku na kunywa pale pale, ili watu waone ametubu kweli. Ikaja vuli, ungeiona mvua ilivyokuwa. Maji yakapanda, ya choo na ya kisima yakawa mamoja. Alhamisi akashikwa, tumbo na matapishi. Ijumaa wakamtia kwenye gari, njia imekatika, gari likazama kwenye tope saa tatu nzima, wanaume wanasukuma. Jumamosi asubuhi akafariki. Walishikwa na wengine wanne, wamepona.

Niliposoma barua yako nilikaa chini pale pale mlangoni. Umeiandika siku tisa kabla hajashikwa. Simu unayo, Hafiz. Na mimi ninayo. Mwezi wa Septemba mzima ningeweza kukupigia nikakwambia mtoto anakwenda kunywa, na kisha nikakwambia kwamba ameshakunywa. Sikupiga kwa sababu ningelazimika kusema ni nani aliyeteka. Nawe hukupiga kwa sababu zako. Karatasi ilitufaa sote wawili. Unaandika, unaituma, na mpaka ijibiwe unajihesabu umefanya jambo.

Ulichokiomba nimekifanya. Nimechukua karatasi yako na muhuri wake nikampelekea Mzee Fahmi, nikamsomea mpaka kwenye saini. Kaniambia, "Bi Mwalimu, mwanangu hakufa kwa maji. Watu wangapi wanakunywa pale? Mwanangu kafa kwa radhi ya maiti." Nikampelekea sheha, nikampelekea Mzee Jaribu. Wote wanasema hivyo hivyo, na wanasema kwa huruma, wananishika mkono. Msichana alimtukana maiti, akaomba radhi kwa ulimi tu, moyoni hakuwa nayo, na marehemu hakuridhika. Kabla ya msiba karatasi yako ingekuwa neno la mtoto wa mwenye kisima. Sasa ni karatasi tu. Wamekwisha pata sababu yao ya kifo, na hawana haja ya nyingine.

Kisima kipo wazi. Kila asubuhi nasikia ndoo.

Barza haipo. Hakuna aliyeifunga safari hii. Wazazi hawawaleti, wanasema kuuliza ndiko kulikomponza mtoto wa watu. Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Yule aliyetaka kuwa wakili alinijibu akiwa nyuma ya pazia kwamba ana kazi za ndani. Ukija Desemba hutamkuta wa kukuuliza, na usijitaabishe kujiandaa.

Uliniomba nisimwambie mama yako. Nimemwambia. Sikuweza tena kukaa naye sahani moja nikiwa na jambo hilo tumboni. Nilimsomea barua yako yote, jana baada ya adhuhuri, yeye amekaa kitandani na tasbihi yake. Hakulia. Aliniuliza, "Tangu hitma ya mwaka 2021?" Nikamwambia ndiyo. Akazihesabu punje za tasbihi, nikadhani anasali.

Kisha akasema, "Alikuja tena mwaka uliofuata, akakaa siku kumi. Kila nikimtilia maji ananambia, mama weka hapo, n'takunywa. Mie nikatoka nikenda kwa Mgeni kumnunulia soda. Nikasema labda huko bara kazoea vitamu."

Mwanakhamis